Umoja wa kanisa huchanikia kwenye matanga

Kanisa la mjini Nakuru lina watu wa kila kwao. Benchi moja utakuta Mkikuyu wa Bahati, Mkalenjin wa Rongai, Mluo wa Siaya na Mluhya wa Butere, na wimbo ni mmoja. Shida huanza msiba unapoingia.

Wa Bahati atazika mwendo wa nusu saa. Wa Siaya anahitaji gari la kubeba mwili, basi la waombolezaji na siku zaidi za mochari. Kamati ikisema "kila mtu atoe anavyoguswa", mmoja anapata laki, mwingine elfu nane, na jioni hiyo hiyo watu wanahesabu nani alichangiwa na ni wa wapi. Mahubiri ya upendo hayaponyi jeraha hilo. Linaponywa na kanuni iliyoandikwa kabla mtu hajafa.

Chukueni mfano wa mfuko wa misiba wenye kaya 120, kila moja ikitoa shilingi 100 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 144,000. Mkilipa 20,000 kila msiba, mfuko unabeba misiba 7, wa 8 unakuta 4,000 tu. Kwa hiyo hesabuni kwanza misiba ya miaka mitatu iliyopita, ndipo mpange kiwango. Usafiri uwe na mchango wake, wenye kikomo kinachofuata kilomita, ili wa mbali asidhaniwe kapendelewa. Andikeni nani anahesabiwa: mwenzi, watoto, wazazi wa pande zote mbili (wakwe husahaulika mno). Andikeni pia aliyeruka mchango wa miezi mitatu anatendewaje. Kifungu hicho kikikosekana, kamati italiamua jambo hilo mwili ukiwa mochari, na uamuzi wowote utaonekana wa kikabila.

Watia sahihi wa mfuko wawe watatu, wasiotoka nyumba moja wala kijiji kimoja. Hesabu isomwe kanisani kila baada ya miezi mitatu, pamoja na salio.

Someni tena Matendo 6. Wayahudi wa Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wanyamaze. Waliagiza wachaguliwe watu 7, na majina yote, kuanzia Stefano hadi Nikolao, ni ya Kiyunani. Kumbe kanisa lilikabidhi mgao kwa watu wenye majina ya upande uliolalamika! Sisi upande ukilalamika, tunauombea roho ya uchungu iutoke.

Vikundi vya maombi vipangwe kwa mtaa, kaya 8 hadi 12: Kaptembwo, Section 58, Free Area, Lanet. Kikundi kikijikuta cha lugha moja, kiunganishwe na mtaa jirani. Lakini msimkataze nyanya kuomba kwa lugha ya mama yake. Kinachogawa ni kikao cha kamati kugeuka ghafla kutoka Kiswahili mmoja akiwa haelewi.

Na siasa. Septemba 2021, huko Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubu tena katika makanisa ya Anglikana. Uchaguzi wa 2027 ukikaribia, kila baraza la wazee lipitishe uamuzi wake mapema, mgeni akiwa bado hajafika: atambuliwe akiwa ameketi, na sadaka yake iingie kapuni kama za wengine, bila kiasi kutajwa.