Simu ya Bure ya Miezi 36

Mpwa wangu hapa Houston, ndiyo kwanza rekodi yake ya mikopo imekaa vizuri, kashavuta simu ya dola elfu moja. "Nimepewa bure, mjomba!" Nikamwambia alete bili ya kwanza niuone huo ubure.

Kodi ya mauzo ya Texas, dola 82.50, imekatwa papo hapo kwenye bei nzima ya simu hiyo hiyo ya bure. Ada ya kuwashiwa laini, dola 35. Kisha kuna mstari unaomdai 27.78 za simu, na chini yake mwingine unaomrudishia 27.78 zile zile. Mchezo wote uko hapo. Atarudishiwa hivyo miezi 36, mradi asihame kampuni wala asishuke kwenye kifurushi chao cha dola 85 kwa mwezi. Akihama baada ya mwaka, marejesho yanakatika na salio, karibu dola 667, analipa yeye. Dola 85 kwa mwezi! Piga hesabu ni bando za miezi mingapi pale Likoni, Mombasa.

Sisi wa zamani tulifungwa kwa kamba nyingine. Mwaka 2008 iPhone 3G iliuzwa dola 199 na kampuni ya simu ya AT&T, ukitia sahihi mkataba wa miaka miwili. Kuvunja mkataba kulikuwa na faini. Verizon, washindani wao, waliipandisha hadi dola 350 kwa simu janja mwaka 2009. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba miaka miwili ikiisha, bili haikupungua hata senti. Pesa ya simu ilikuwa imejificha ndani ya bei ya laini, ukaendelea kuilipia simu uliyokwisha kuilipa.

T-Mobile ndio waliovunja mtindo huo mwaka 2013: bei ya laini mbali, bei ya simu mbali. Verizon wakafuata 2015, AT&T mwanzoni mwa 2016. Hapo nawapa haki yao. Deni uliliona, ukilimaliza bili inashuka. Lakini biashara haikubali mteja awe huru muda mrefu. AT&T mwaka 2021 wakasogeza awamu kutoka miezi 24 au 30 hadi 36, Verizon wakaja 2022, na hizi "bure" zikashamiri. Faini ya kuhama hakuna tena, wanasema. Kweli, haina jina hilo.

Watu wa nyumbani hucheka Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom, mkopo wa simu ulioanza kwa shilingi 20 kwa siku, usipolipa simu inajifunga. Mimi siicheki tena. Angalau pale muuzaji hakwambii ni bure.

Wewe unayejiandaa kuja, njoo na simu yako isiyofungwa kwenye mtandao wowote. Ukifika, nunua laini ya malipo ya kabla kutoka kwa kampuni ndogo zinazokodi minara ya hizo kubwa. Dola 25 hivi kwa mwezi zinakutosha, na hakuna anayeuliza rekodi ya mikopo ambayo huna. Ukienda kwa wakubwa na mikono mitupu watakudai amana, au wakukatalie kabisa, na muuzaji atakutazama kama umekuja kuomba.

Na nyinyi mnaoagiza, "mjomba nitumie iPhone ukishabadilisha," jueni kwamba yenye deni kwa kawaida haifunguliwi. Ikifika Mombasa haishiki laini ya huko. Tena za Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la kadi, ni eSIM tupu, laini ya kidijitali iliyo ndani ya simu yenyewe. Fundi wa Moi Avenue hatakutobolea.

Risiti ya mpwa wangu inampa hadi Jumamosi kuirudisha simu, kwa ada ya dola 55. Anasema atafikiria, ila kava tayari kashanunua.