Nilidai hela yangu, si vocha

Vocha! Nimelipa hela, nimeuziwa mashine ya gemu mbovu, PlayStation 5 (PS5), nimeirudisha dukani, halafu mtu mzima na tai yake shingoni ananiambia nipokee vocha nikachague kitu kingine humo humo dukani kwao. Suala limeisha wiki hii na hela imerudi benki, lakini bado linanichemsha. Naliandika lote, hasa kwa wenzangu tuliokuja Uingereza miaka ya karibuni, ambao tukisimama mbele ya kaunta tunaongea kwa sauti ya kuomba hata pale tunapodai kilicho chetu.

Mwanangu anaingia miaka kumi na tatu. Shuleni kwao watoto wakitoka darasani hawakutani uwanjani, wanakutana kwenye gemu jioni, kila mmoja yuko kwao amevaa hedifoni. Asiye na PS hana habari za kusimulia kesho yake. Sisi tulikua tunakwenda banda la gemu na sarafu mkononi, unacheza dakika zako, ukifungwa unampisha mwenzio. Huku banda hakuna. Baba ndiye banda.

Sasa bei. PS5 ya CD ilipotoka hapa Novemba 2020 iliuzwa pauni 449.99. Ungetegemea baada ya miaka yote hii ishuke. Badala yake ilipandishwa. Mimi na mama watoto tukakubaliana tuchukue refabishi, yaani iliyotumika ikakarabatiwa, kwenye duka linalouza simu, laptopu na PS zilizotumika. Ilikuwa na stika kwamba imepimwa na kusafishwa, na waranti ya mwaka mmoja. Pauni 290. Zidisha kwa shilingi ya Tanzania utaona inagota karibu na milioni, lakini hiyo siyo hesabu inayoniuma. Kima cha chini cha mshahara wakati huo kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu moja ya usiku ina urefu wa saa kumi na mbili. PS ile ni zamu mbili nzima za kuwageuza wazee vitandani, kubadilisha mashuka na kujaza makaratasi alfajiri macho yakiwa mazito, na hapo kodi haijakatwa. Kwa hiyo mtu asinione nina kisirani kwa ajili ya kidude cha mtoto.

Mwanzoni ilikwenda vizuri kwa sababu alikuwa anacheza vigemu vidogo vidogo. Alipoweka gemu ya mpira ndipo mambo yalipoanza. Nusu saa hivi feni inaanza kuvuma, mtoto anaongeza sauti ya TV, inavuma zaidi, halafu tii! Imezima. TV inaandika hakuna signali. Ukiweka mkono nyuma yake unauondoa haraka kwa moto. Ukiiacha ipoe inawaka tena vizuri kabisa na kukuandikia kwamba haikuzimwa ipasavyo, kana kwamba ni wewe uliyechomoa waya.

Nikairudisha. Kijana wa kaunta akaichomeka kwenye TV yao, menyu ikatokea, akasema inafanya kazi. Nikamweleza inazima ikichezwa. Akaandika kwenye kompyuta, ikapelekwa kwa mafundi wao ambao mteja huwaoni wala huongei nao. Baada ya wiki mbili hivi imerudi na karatasi: hakuna tatizo lililoonekana. Jioni ile ile, gemu ya mpira, tii.

Hapo ndipo nilipowakumbuka mafundi wetu. Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, fundi anakuwekea kigoda, anafungua kitu mbele ya macho yako, anamulika tochi na kukuonyesha palipoungua. Unaweza kubishana naye bei, lakini hafanyi kazi gizani. Nikampigia video fundi mmoja ninayemfahamu tangu enzi za simu za vitufe, nikamsikilizisha feni inavyovuma. Hakuchukua hata dakika tano. Akaniambia, "Kaka, hiyo imeshafunguliwa na mtu asiyeijua." Akanieleza kwamba PS5 haitumii ile pasta ya kawaida ya kupitisha joto kati ya chipu na bamba la kupoozea. Inatumia metali ya majimaji. Ukilinyanyua lile bamba, lazima metali ile ipakwe upya na isambae chipu nzima. Ikibaki sehemu kavu, chipu inapata moto pale pale palipo kavu na mashine inajizima ili isiungue. Na metali ile inapitisha umeme, kwa hiyo ikimwagikia pembeni, bodi nayo inakufa. Kisha akanipa neno lililomaliza ubishi wote: "Hao wanaipima kwenye menyu. Menyu haiichoshi chipu. Waambie wakuwekee gemu nzito hapo hapo kaunta, usiondoke."

Nilifanya hivyo hivyo. Jumamosi mchana, duka limejaa. Nilitoa CD ya mwanangu mfukoni nikaomba iwekwe. Kijana akasema menyu inatosha. Nikamwambia sikununua menyu. Akaiweka. Nikasimama pembeni ya kaunta nimeshika pedi, nacheza mpira na watu wanapita na maboksi yao, foleni inaninyooshea macho. Sikuona aibu. Feni ikaanza. Mama mmoja aliyekuwa analipia simu akageuka kuangalia kelele zinatoka wapi. Kipindi cha pili cha mechi, tii. Kioo cheusi mbele ya duka zima.

Akaitwa meneja. Swali lake la kwanza, kabla hajaigusa: mtoto wako aliiangusha? Hakuuliza ilinunuliwa lini, wala mafundi wao waliiangaliaje. Nilimwonyesha kwamba haina hata mchubuko, na karatasi ya mafundi wake mwenyewe haikutaja kuanguka. Ndipo akaja na vocha. Eti ndio utaratibu wa kampuni kwa vitu vilivyotumika. Akasukuma karatasi nisaini.

Sasa sikilizeni lililonishangaza. Meneja alipokwenda kumhudumia mtu mwingine, yule kijana wa kaunta, mtoto wa Kizungu wa miaka ishirini hivi, alikuwa anairudisha PS kwenye mfuko wangu. Akainama na kusema kwa sauti ya chini: usisaini, ukiikubali vocha yamekwisha, waandikie makao makuu na utaje sheria. Hakuwa na faida yoyote katika hilo, na angesikiwa angejitafutia matatizo kazini. Nimekaa nchi hii nikihesabu waliokaza nyuso wakisikia lafudhi yangu. Huyu na yeye nimemhesabu.

Sheria yenyewe inaitwa Consumer Rights Act, ya mwaka 2015. Niliisoma usiku kwenye tovuti ya Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri bure, na wana hadi barua za mfano za kunakili. Inasema chochote unachouziwa na mfanyabiashara kiwe na ubora wa kuridhisha, kifae kwa kazi yake na kifanane na kilivyoelezwa. Haikusema kipya tu. Mtumba umo na refabishi imo. Ubora utapimwa kwa kuangalia bei na umri, kwa hiyo usiende kulalamikia mkwaruzo kwenye kitu cha bei nusu. Lakini PS isiyoweza kumaliza mechi moja haifai kwa kazi yake, uinunue kwa bei yoyote.

Ndani ya siku 30 tangu uipokee, ukionyesha kwamba ni mbovu unaweza kuikataa na kurudishiwa hela yote. Muda walioishikilia kwa matengenezo hauhesabiwi, saa inasimama. Hata siku 30 zikipita, wakishapewa nafasi moja ya kutengeneza wakashindwa, una haki ya kuikataa. Na tatizo likijitokeza ndani ya miezi sita, sheria inachukulia lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Wao ndio wanaotakiwa kuthibitisha vinginevyo, si wewe kuthibitisha kwamba mwanao hakuiangusha! Kumbe lile swali la meneja lilikuwa la kunitwisha mzigo wake. Hela inarudishwa kwa njia ile ile uliyolipia, isipokuwa wewe mwenyewe ukubali njia nyingine. Ndiyo maana walitaka saini yangu. Na waranti yao ya mwaka mmoja ni nyongeza juu ya hizo haki, haiwezi kuzipunguza.

Niliandika barua pepe fupi. Tarehe ya kununua, tarehe waliyoichukua na kuirudisha, karatasi ya mafundi wao, video fupi ya kioo kikizima. Nikataja sheria na kifungu cha 24, kile cha haki ya kukataa kitu matengenezo yakishindikana. Nikawapa siku 14, la sivyo nafungua madai madogo mahakamani, ambako kwa England unaweza kudai hadi pauni 10,000 bila wakili. Sikutukana wala kusimulia shida zangu. Sisi tumelelewa kueleza kwa kirefu ili mtu atuonee huruma, tunaanza na mgonjwa nyumbani na ada za watoto. Kwa hawa haisaidii, wape tarehe na kifungu. Jibu likaja la adabu tele, wakasema wamesikitika sana, hela yote itarudi kwenye kadi. Meneja yule yule ndiye aliyeipokea PS, safari hii hakuuliza nani kaiangusha.

Lililonikasirisha hasa si ubovu. Kitu cha umeme kinaharibika, hata kipya. Kinachonikasirisha ni kwamba walijua. Kampuni yenye wanasheria wake inajua sheria ya 2015 kuliko mimi, na bado inamwambia mteja habari za vocha kwa sababu wengi watashukuru na kuondoka. Na sisi wageni ndio wa kwanza kushukuru. Kwetu risiti imeandikwa chini kabisa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na tumeizoea kama vile ni aya. Ingawa hata nyumbani Tanzania tuna Tume ya Ushindani, FCC, na sheria yake ya 2003 inamtaja mlaji, ni nani kati yetu aliyewahi kubeba redio mbovu kuipeleka huko?

Wanaonunua kwa watu binafsi mitandaoni wajue hawamo kwenye niliyoyasema. Mtu anayeuza PS yake ya sebuleni anabanwa tu asikudanganye kuhusu kitu chenyewe, habari za ubora wa kuridhisha hazimhusu. Huyo nenda kwake, cheza gemu nzito hadi feni ivume, na uingie kwa akaunti yako mwenyewe, kwani kuna mashine zilizofungiwa mtandaoni kwa makosa ya mwenye nazo wa kwanza, na kifungo kinabaki na mashine. Usilipe taslimu ukiwa dukani. Kadi ya mkopo kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 inaifanya benki nayo iwajibike pamoja na muuzaji.

Na mnaoniandikia kila wiki niwatafutie njia ya kuja kufanya kazi hii ya kutunza wazee, naomba mnisikie na hili. Tangu 11 Machi 2024 anayekuja upya kwa kazi hiyo haruhusiwi kuja na mke wala watoto. Tangu 22 Julai 2025 mlango wenyewe wa kuajiri watu wapya kutoka nje kwa kazi hiyo umefungwa. Anayekuuzia leo barua ya udhamini ya kazi ya wazee kwa mamilioni, na wewe uko Tabata na mkeo yuko Tabata, anakuuzia kitu kilichokufa zamani. Hicho hakina siku 30. Kuna watu wameuza viwanja.

Mpwa wangu wa Mbagala, ujumbe wako nimeuona, na PS yako nitainunua mwisho wa mwezi. Umeme wa huku na wa huko ni ule ule volti 230 na plagi ni zile zile za meno matatu, hilo lisikusumbue. Ila haitaingia kwenye kontena siku niliyoinunua kama wanavyofanya wengi, ikafika Dar miezi miwili baadaye, ikazima, na duka liko Uingereza. Itakaa hapa kwangu kwanza, kaka yako ataichezea gemu ya mpira kila jioni, na siku 30 zikikaribia kwisha feni yake ikiwa bado imetulia, ndipo nitaifunga.