Mkija, njooni Februari

Miaka 14 nimeishi Minnesota, na likizo zangu zote nilikuja Desemba. Rombo yetu, huku Kilimanjaro, ya Desemba mnaijua: magari ya Dar hadi migombani, mbuzi wanachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, haikatiki, kila ua una watoto. Hiyo ndiyo niliyokuwa nikiiota kwenye theluji. Safari hii nimerudi kuishi kabisa, nikafika Februari. Mageti yana makufuli. Ndani ya majumba ya vigae yumo mzee mmoja na dada wa kazi.

Nilikwenda kumwamkia mama mkubwa. Aliitikia marahaba akiwa ametazama ukutani, maana kiharusi kimemlaza na hawezi kugeuka. Nikavuta shuka. Kidonda cha chini ya mgongo kilikuwa na shimo la kuingia ngumi, na kisigino kimeshakuwa cheusi. Binti anayemtunza alilia, akasema anamwosha kila siku. Ni kweli, chumba kilikuwa safi. Ila hakuna aliyemfundisha kwamba asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mto huwekwa chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha Marekani: kugeuza wazee wa watu. Wangu ameoza mgongo juu ya kitanda cha mninga nilichokilipia mimi. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa kuokoteza.

Ukitaja makazi ya wazee, watu wanafikiria Njoro pale Moshi, ya serikali, ya wasiojiweza wasio na ndugu. Mama mkubwa ana watoto saba. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliiachia familia matunzo kwanza. Familia yenyewe iko Dar, Mwanza na Houston, inatuma pesa. Wazee wa namna hii ndio wamejaa huku.

Kina mama wa jumuiya ya kanisa walikuwa wameshaanza makazi yetu wenyewe ya wazee kabla sijafika. Mjane mmoja ametoa nyumba yake, kihamba, yaani shamba la urithi, kikibaki cha ukoo. Vitanda 6. Choo na njia ya kiti cha magurudumu vimejengwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kila kaya inaleta mkungu wa ndizi kwa mwezi na mtu wa zamu ya usiku. Walio mbali wanalipa mishahara ya wahudumu wawili. Pesa haikutusumbua kama aibu. "Unataka waseme tumemtupa mama?" kaka aliniuliza kwenye simu. Nikamtumia picha ya kidonda. Alinyamaza siku mbili, kisha akatuma hela ya godoro la hewa.

Nyie mnaojenga, ghorofa la pili lisubiri. Mlipeni mtu wa usiku. Na mkija, njooni Februari bila kupiga simu, mvute shuka wenyewe.

Kidonda kimeanza kuota nyama nyekundu pembeni, dalili ya kupona. Sasa ni saa sita kasoro usiku, zamu ni yangu, namgeuza upande wa kushoto.