Kadi mpya, joto la zamani

Baada ya kudunduliza kwa miezi kumi na minne, hatimaye nimefunga kadi ya grafiki (kifaa kinachochora picha za michezo kwenye skrini) ya RTX 3060, yenye kumbukumbu ya GB 12, kwenye kompyuta yangu hapa Nyakato, Mwanza. Kwa kuwa kadi hii hutumia hadi wati 170, nilianza kwa kubadilisha pawasapulai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya zamani na kuweka ya wati 550.

Juzi usiku nilijaribu kuipandisha kasi kupita kiwango cha kiwandani kwa programu ya Afterburner, nikiongeza megahezi (kipimo cha kasi) 15 kila hatua na kuijaribu kwa mchezo mzito wa kompyuta kwa nusu saa kabla ya kuendelea. Nilipofika nyongeza ya 150, vidoa vya rangi vilitapakaa kwenye skrini, kisha mchezo ukajifunga wenyewe; nikarudi 120, na hapo imetulia. Faida yenyewe, niseme ukweli, ni ndogo: fremu (yaani picha) 71 kwa sekunde zimekuwa 75, na bila kipimo nisingeitambua tofauti hiyo.

Kilichonisumbua zaidi ni joto, kwa maana kadi ilifika nyuzi 81. Nilipofungua dirisha ili upepo wa ziwani uingie, waliingia pia wale wadudu wadogo wanaofuata mwanga, wakavutwa na feni hadi ndani. Jana nimeshinda nikiwatoa kwa brashi ya rangi. Sasa dirisha lina wavu, na nyuzi zimeshuka hadi 74.