Nani hutoa zaidi? Uliza kwanza bei ya kutoa

Fedha za minada ya korosho zikishaanza kuingia Newala, Tandahimba na Masasi, kamati za michango nazo hushika daftari. Ubishi huwa ule ule: wanawake ndio watoaji, wanaume wabahili, au kinyume chake. Ubishi huu hauishi kwa sababu hakuna anayeuliza kutoa kunamgharimu mtoaji kiasi gani.

Wachumi James Andreoni na Lise Vesterlund walilipima jambo hilo huko Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Mshiriki aligawa vipande, vilivyogeuzwa pointi na kulipwa fedha, kati yake na mtu asiyemjua, kwa siri. Mara nyingine alipewa vipande 40: akibaki nacho, kipande ni pointi 1, akikitoa, mwenzake anapata 3. Mara nyingine hesabu iligeuzwa, 3 kwake na 1 kwa mwenzake. Kutoa kulipokuwa rahisi, wanaume walitoa zaidi. Kulipokuwa ghali, wanawake waliwapita. Wanawake wengi walipenda kugawa sawa kwa sawa.

Kikundi cha hisa, cha kuweka na kukopa, kinaweza kulijaribu kwa punje 40 za mbaazi na bahasha mbili, moja "yangu", nyingine "yake". Pointi iwe shilingi 50, ilipwe siku hiyo hiyo. Anayebana punje zote kwa hesabu ya kwanza anaondoka na 2,000. Akizitoa zote, mwenzake anapata 6,000. Bahasha ziwe na namba, kamwe zisiwe na majina, na mwenyekiti asizifungue yeye. Mke na mume wasipangwe pamoja, maana fedha hiyo itakutana nyumbani na hamtakuwa mmepima ukarimu. Kosa kubwa kuliko yote ni kujaribu bei moja tu: mtapata jibu nusu, kisha mlitangaze kama jibu zima.

Halafu kuna shinikizo. Stefano DellaVigna na wenzake walichunguza uchangishaji wa nyumba kwa nyumba, utafiti wao ukatoka 2013. Ilipokuwa rahisi kumkwepa mchangishaji, utoaji wa wanawake ulipungua zaidi kuliko wa wanaume. Basi kamati inayobisha hodi jioni bila taarifa, au kusoma majina kwenye kipaza sauti, isiseme imeona ukarimu wa akina mama. Imeona ugumu wao wa kukataa mtu aliyesimama mlangoni, na hilo naliona ni dhuluma. Toeni taarifa siku moja kabla, na daftari liwe na safu mbili: waliotoa mlangoni, na waliotuma wenyewe kwa simu.