Kitenzi hufuata nini: idadi au kinachohesabiwa?

Miaka kadhaa iliyopita niliandika barua fupi ya Kiingereza ya kuambatanisha na kazi ya uhariri niliyokuwa nimeimaliza, na ndani yake nikaweka sentensi hii: "The number of errors were high." Aliyeipokea hakusema neno juu ya kazi yenyewe; alizungushia "were" duara la wino mwekundu akanirudishia. Kukosea katika sentensi inayozungumzia makosa ya mwenzio ni aibu ya aina yake, lakini lililonisumbua zaidi ni kwamba kosa lile nisingelifanya katika Kiswahili. Nisingesema "idadi ya makosa yalikuwa makubwa", kwa kuwa maana ingegeuka papo hapo: makosa yenyewe ndiyo yangekuwa makubwa, si idadi yake. Ningesema "idadi ya makosa ilikuwa kubwa", na kile kiambishi "i-" kingenitoka bila kufikiriwa. Katika Kiingereza nilipumbazwa na "errors", neno la wingi lililokaa jirani na kitenzi, nikamsahau mwenye sentensi, "number", aliyekuwa amesimama mbali kidogo akitaka "was".

Katika Kiswahili, neno la idadi kwa kawaida huja baada ya nomino na kuvaa kiambishi chake: watu wengi, vitabu vingi, maji mengi, miti michache. Nomino huongoza, kitenzi kikaifuata, na hapatokei ugomvi. Kiingereza hutanguliza idadi, na mara nyingi idadi hiyo yenyewe ni nomino kamili yenye "of" nyuma yake, kwa hiyo kitenzi hukuta nomino mbili zinazogombea kukitawala. Neno "lot", kwa mfano, asili yake ni kura, na baadaye likawa fungu ambalo mtu hulipata kwa kura. Ukichambua "a lot of people" neno kwa neno, unapata fungu la watu. Kama fungu hilo lingebaki na mamlaka yake, kitenzi kingekuwa cha umoja. Limechakaa, hata likapoteza nguvu za nomino, na kitenzi hulipita moja kwa moja na kwenda kwa kile kinachohesabiwa: "a lot of people are waiting", lakini "a lot of water is wasted". "Half of", "most of" na "some of" hufanya vivyo hivyo.

Mtego mkubwa uko kwenye "number", kwa sababu neno hili lina tabia mbili, na kinachozitenganisha ni kile kineno kidogo kinachotangulia. "A number of students are absent" inasema kwamba wanafunzi kadhaa hawapo. Wanaozungumziwa ni wanafunzi, na kitenzi ni chao. "The number of students is falling" inazungumzia idadi, nayo ni moja tu, inayopanda na kushuka kama joto la mgonjwa. Sisi ambao lugha yetu haina vineno kama "a" na "the" tumezoea kuvichukulia kama vumbi la kupangusa, na hapo ndipo tunaponaswa. Vivyo hivyo "few people came" ni lalamiko, kwamba waliokuja ni wachache mno, ilhali "a few people came" ni taarifa tulivu kwamba walikuja watu kadhaa.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni mageni kabisa kwa Kiswahili, nami sikubaliani nao. Tunasema "baadhi ya wanafunzi wamefaulu", si "imefaulu". Tunasema "mamia ya watu wamekusanyika", na hakuna anayeona kwamba kitenzi kimeyaruka mamia na kwenda kwa watu. Hata ubishi tunao wenyewe: idadi kubwa ya watu imejitokeza, au wamejitokeza? Wahariri wenzangu wenye msimamo mkali hudai "imejitokeza" kila mara. Mimi huiacha "wamejitokeza", kwa sababu idadi haina miguu. Lakini ikiwa kitenzi ni "kuongezeka" au "kupungua", narudi upande wao, maana hayo ni mambo ya idadi kweli. Anayeihisi tofauti hiyo katika Kiswahili ameshaielewa nusu ya sarufi ya "number", hata kama hajui.

Mahali ambapo lugha hizi mbili huachana kabisa ni kwenye vipimo. Sisi husema "saa mbili zinatosha", na "zi-" huonyesha wazi kwamba tunaziona saa mbili, moja na nyingine. Kiingereza huzifunga saa hizo kwenye furushi moja na kuliita kitu kimoja: "Two hours is enough." Umbali nao hutendewa hivyo: "Ten kilometres is a long way." Nilipokuwa mwanafunzi niliandika "two hours are enough" kwa ujasiri wote, kwa hoja kwamba "hours" ina "s" na mambo yamekwisha. Ila sentensi ikibadilika kidogo, furushi hufunguka: "Two hours have passed", kwa wingi, kwa kuwa saa hupita moja baada ya nyingine. Kinachotosha ni muda mmoja. Zilizopita ni saa mbili. Tangu nilipoliona jambo hilo nimeacha kutafuta "s" na kuanza kujiuliza kama mwandishi anavihesabu vitu au anaupima mzigo mzima.

Swali hilo hilo hutatua ugomvi wa "less" na "fewer", maneno mawili ya upungufu. Mwaka 1770 Robert Baker, mwandishi wa kitabu kuhusu matumizi ya Kiingereza, aliandika kwamba kwa vitu vinavyohesabika yeye aliona "fewer" inafaa zaidi. Lilikuwa pendekezo la mtu mmoja, na waliomfuata wakaligeuza kuwa sheria. Lakini hata wanaoishika sheria hiyo kwa meno huandika "less than two hours", kwa kuwa lile ni furushi.

Kuna pia vitenzi ambavyo hupokea kipimo moja kwa moja, kama "weigh", "last" na "cost". "The meeting lasted two hours" haihitaji kihusishi chochote, na saa hizo mbili, ijapokuwa zimekaa mahali pa yambwa, haziwezi kugeuzwa kuwa kiima cha sentensi ya kutendwa. Hilo halimsumbui mtu sana. Linalosumbua ni vitenzi vya kupanda na kushuka, ambavyo maana yake yote hutegemea neno la herufi mbili. Chama chenye wanachama 150 kikiandikiwa "membership rose by 200", sasa kina wanachama 350. Kikiandikiwa "rose to 200", wameongezeka 50 tu. Kiswahili kina jozi hiyo tayari, "kwa" na "hadi", lakini nimepokea tafsiri nyingi zilizoandika "iliongezeka kwa" mahali pote, na msomaji hana njia ya kugundua, kwa kuwa sentensi yenyewe ni safi kabisa.

Mengine hayana mantiki, na dawa yake ni kuyazoea. "More than one person has complained" huchukua umoja, ingawa waliolalamika ni wawili au zaidi; ile "one" imekaa karibu na nomino na imeibana. "None of them" huweza kufuatwa na "is" au "are", na wanaolazimisha umoja peke yake wanakaza kamba ambayo waandishi wa Kiingereza wenyewe hawajawahi kuifunga.

Kisha kuna "there's". Katika maandishi, sharti kitenzi kilingane na kinachofuata: "there are two reasons". Mdomoni, wazawa wengi wa lugha hiyo husema "there's two reasons" bila kujali, kana kwamba "there's" ni neno moja lisilobadilika, kama "kuna" yetu, ambayo haijali umoja wala wingi. Kwenye karatasi bado ninaisahihisha. Kwenye mazungumzo nimeacha, na siku hizi hata mimi huisema.