Kabla ya kujenga fremu kwa mafao

Nimetoka kikao sasa hivi, Nzuguni, Dodoma. Mama mtumishi, anastaafu mwakani. Swali lake moja tu: mkupuo wa mafao ajengee fremu za maduka ya kupangisha, au anunue hatifungani, yaani aikopeshe Serikali kwa riba?

Mshauri wa fedha hakimbilii jibu. Kwanza salari slipu, mistari ya makato. Mkopo ukivuka tarehe ya kustaafu, hesabu yote inabadilika.

Hatifungani ya Serikali ni nzuri, ila tuseme riba ni 12%: milioni 20 zinaleta 2,400,000 kwa mwaka, na hulipwa kila baada ya miezi 6, yaani 1,200,000 kila awamu.
Hapo katikati unakula nini?
Ukibanwa, unaweza kuishia kuiuza kwa hasara. Kwa hiyo tenga kwanza matumizi ya miezi 6 mahali pa kuchukulika haraka, mfano Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja.

Fremu tumeziacha kiporo.

Kilichotushtua ni fomu ya bima ya maisha. Mnufaika: marehemu mumewe. Hapo malipo yanaweza kuishia kwenye mirathi, mahakamani, watoto wakisubiri. Kumbadilisha mnufaika ni fomu moja na sahihi. Wosia nao RITA, wakala wa Serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanauandika na kuutunza.

Jamani, fomu zenu zina jina la nani?